Shela la Bibi Harusi na Faili la PNG

Nilianza kazi ya usanifu wa picha mwishoni mwa miaka ya 1990, Kariakoo, katika chumba cha nyuma cha duka lililokuwa likichapa kadi, fulana na mihuri. Kompyuta ilikuwa moja na tuliipokezana. Aliyenipokea alikuwa mzee wa kuchapa kwa skrini, na sote tulimwita Fundi. Kabla hajaniruhusu kushika kipanya alinikabidhi wembe na karatasi ya filamu nyekundu. Filamu ile ina matabaka mawili: la juu jekundu, linalozuia mwanga, na la chini angavu, linaloupitisha. Unakata la juu tu kwa kufuata umbo la nembo au uso wa mtu, unabandua ziada, kisha unailaza juu ya skrini iliyopakwa dawa na kuwasha taa. Palipofunikwa na wekundu dawa haigandi. Inaoshwa kwa maji, na hapo ndipo wino utapita. "Legeza mkono, binti," alikuwa akiniambia. "Ukitoboa la chini, umeiua."

Wembe ule ulinifundisha kuutazama ukingo wa kila kitu. Kwenye filamu mwanga unapita au haupiti, hakuna nusu. Miaka yangu mingi ya baadaye imekwenda katika kuitafuta ile nusu, na katika kuhakikisha kwamba ikishapatikana haipotei pale mtu anapobofya kitufe cha kuhifadhi.

Nusu ya kwanza niliyokutana nayo ilikuwa shela. Familia moja ilileta picha ya binti yao iliyopigwa bustanini, nyuma yake ua wa michongoma, wakitaka akae kwenye kadi ya rangi ya damu ya mzee yenye maandishi ya dhahabu. Uso, mabega na gauni havikuwa na tabu. Lakini shela lilikuwa limeshuka mpaka kiunoni, na ndani yake majani yalionekana. Ukilikata kwa kufuata ukingo wake wa nje, unahama na bustani: bibi harusi anafika kwenye kadi akiwa amejitanda ukijani. Ukiliondoa lote, umemvua shela siku ya harusi yake, na mama yake ataliulizia.

Njia iliyonifaa, na ambayo naitumia hadi leo, ni kuitazama picha kwa rangi zake tatu, moja moja. Picha ya kompyuta ni mchanganyiko wa nyekundu, kijani na bluu, na kila moja ukiitazama peke yake ni picha ya weusi na weupe. Katika bluu majani huwa karibu meusi, na kitambaa cheupe kinang'aa. Basi picha ile ya bluu, ikinakiliwa na kuongezewa ukali, inageuka kuwa kipimo cha shela: palipo peupe kabisa pabaki, palipo peusi paondoke, na palipo kijivu pabaki kwa kiasi cha ukijivu wake. Kisha ukijani uliojipenyeza kwenye nyuzi unafifishwa mpaka shela lirudie weupe wake. Ni kazi ya jioni nzima. Ukimaliza na kumweka bibi harusi juu ya damu ya mzee, rangi hiyo inapenya ndani ya shela kana kwamba alisimama hapo tangu mwanzo.

Kipimo hicho ndicho kiitwacho chaneli ya alfa. Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliibuni mwishoni mwa miaka ya 1970 walipokuwa New York Institute of Technology, na mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, wakiwa Lucasfilm, wakaandika hesabu kamili ya kulaza picha juu ya picha. Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Kila pikseli, mbali na rangi zake tatu, inapewa namba ya nne kati ya 0 na 255. Yenye sifuri haionekani. Yenye 255 inafunika kabisa. Pikseli ya shela yenye 102 ni asilimia 40: chukua asilimia 40 ya weupe wa shela, asilimia 60 ya rangi iliyo chini yake, jumlisha. Badilisha kadi iwe ya bluu bahari, na shela linabadilika lenyewe. Picha yenye mandharinyuma angavu ni hiyo, picha inayotembea na namba yake ya nne.

Na namba ya nne ndiyo hutupwa kwanza. JPEG, fomati ambayo kamera na simu nyingi zimezoea, haina mahali pa kuiweka. Ukihifadhi humo, programu inajaza rangi, mara nyingi nyeupe, na lile shela la asilimia 40 linakuwa kitambaa kizito cha kudumu. Zaidi ya hapo, JPEG hupunguza uzito wa faili kwa kukadiria rangi ndani ya vigae vya pikseli 8 kwa 8, hivyo weupe unaouona kando ya herufi si weupe mmoja. Ndiyo maana nembo iliyowahi kupita kwenye JPEG, ukijaribu kuitoa weupe kwa kubofya mara moja, inabaki na makombo pembeni. GIF ya mwaka 1987 ilipata uwazi katika toleo lake la 1989, lakini ni uwazi wa wembe: rangi moja kati ya 256 inateuliwa isionekane, basi. Shela ndani ya GIF linatoka kama lililoliwa na nondo.

PNG ilizaliwa kwa hasira za watu. Mwisho wa mwaka 1994 kampuni ya Unisys, iliyomiliki hataza ya njia ya kubana data inayotumiwa na GIF, ilitangaza kwamba watengenezaji wa programu walipie leseni. Januari 1995 Thomas Boutell akatoa rasimu ya fomati mpya isiyofungwa na hataza, wengine wakaichambua na kuiboresha kwa majadiliano ya mtandaoni, na Oktoba 1996 ikapitishwa na W3C, jumuiya inayosimamia viwango vya wavuti. Wangeweza kuishia kwenye kukwepa leseni. Badala yake waliiwekea namba ya nne kwa ngazi zote 256, na wakaibana picha bila kupoteza hata pikseli moja, hata uihifadhi mara nyingi upendavyo. Nimefanya kazi maisha yangu yote juu ya mabega ya watu wale, nami nawaombea heri.

Kazi yao haikutufikia mara moja. Internet Explorer 6, kivinjari cha mwaka 2001 kilichokuwa kwenye karibu kila kompyuta niliyokutana nayo, kilionyesha sehemu angavu za PNG kama bamba la kijivu, na tulisubiri toleo la 7 la mwaka 2006 ndipo mambo yakanyooka. Katikati hapo, kwa kila tovuti ya hoteli niliyoisanifu, ilibidi rangi ya ukurasa ichorwe ndani ya nembo yenyewe; mteja akibadilisha rangi, unaanza upya. Kwa mashine za ofseti nako kulikuwa na kikwazo kingine: PNG haibebi rangi nne za uchapaji, na EPS tuliyoitumia ilijua kukata kwa mstari tu. Shela ilibidi lilazwe juu ya rangi yake ya mwisho kabla ya kutoka kwangu, na lisiguswe tena.

Siku hizi mteja anakuja na jina mdomoni: "Dada, naomba uniwekee PNG." Nafurahi kulisikia, ila wengi hudhani jina linatosha. Kijana mmoja mwenye kampuni changa ya usafirishaji aliniletea nembo yenye boksi jeupe, akaapa kuwa ni PNG kwa sababu ameandika hivyo mwishoni mwa jina la faili. Nilimfungulia faili lake kwa programu inayoonyesha baiti. Faili la PNG huanza na baiti nane zisizobadilika: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10, na hizo 80, 78 na 71 ndizo herufi P, N na G. Lake lilianza na 255 na 216, ambazo ni za JPEG. Aliziangalia zile tarakimu, akaelewa, na tangu siku ile amekuwa akiwasahihisha wenzake.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi, kwa sababu linadanganya macho. Programu za usanifu huonyesha uwazi kwa miraba midogo ya kijivu na nyeupe. Mtandaoni zimejaa picha ambazo miraba hiyo imechapwa ndani yake kama rangi ya kawaida. Mtu anaipakua usiku, anaipeleka kwa mchapaji asubuhi, na kitenge cha kikundi cha akina mama kinatoka na miraba kuzunguka ua. Fedha ya kitenge kile ni ya michango. Dawa ni kuilaza picha juu ya rangi kali, nyekundu tuseme, kabla ya kulipa chochote. Miraba ikibaki, hakuna uwazi hapo.

Na simu. WhatsApp ukiituma picha kama picha, inaibana upya na namba ya nne inaishia njiani. Itume kama dokumenti, ifike kama ilivyoondoka. Nimelisema hili kwa wateja wangu mpaka limekuwa salamu.

Mashine za DTF zilipoingia mjini, vijana wanaozimiliki walianza kunifuata. Mashine hizo huchapa rangi kwenye filamu ya plastiki, kisha wino mweupe juu ya rangi, unanyunyiziwa unga wa gundi, unagandishwa kwa fulana kwa pasi ya joto. Ukiipa pikseli ya asilimia 40 inaitafutia weupe wa kuilalia. Kwenye fulana nyeusi ule ukingo laini unaopendeza kwenye skrini unatoka kama chokaa, na gundi yake haishiki, ukifua mara chache unabanduka. Suluhisho ni kuigeuza nusu kuwa nukta: kila nukta imejaa kabisa, na wingi wa nukta ndio unaobeba asilimia. Fundi alilijua hili vizuri kwenye skrini zake. Kwa hiyo kwa picha moja nahifadhi faili la skrini lenye uwazi wake wote, na faili jingine la fulana lisilo na nusu hata moja. Anayechanganya hayo mawili anaharibu fulana za watu.

Kazi nzito kuliko zote ni za msiba. Zinakuja usiku, kwenye simu, na mazishi ni kesho. Picha nzuri ya marehemu mara nyingi ilipigwa kwenye sherehe, amesimama kati ya watu. Tangu huduma za kuondoa mandharinyuma zianze kuenea, remove.bg ya mwaka 2018 ikiwa mojawapo, sehemu kubwa ya ukataji inafanywa kwa sekunde, nami nazitumia bila kinyongo. Lakini huwa siachi kukagua juu ya kichwa. Mzee aliyevaa kofia nyeupe mbele ya ukuta mweupe, programu inaila kofia. Nywele za asili zilizoachiwa zinazungushiwa mstari mmoja, na mama aliyejulikana kwa nywele zake anakuwa mtu mwingine. Nazirudisha, uzi kwa uzi, kwa namba ile ile ya nne. Mzee aliyeishi na kofia yake hawezi kuingia kwenye fulana za arobaini kichwa wazi.

Mjane mmoja alileta picha ambayo mkono wa mtu ulikuwa umemlalia mumewe begani. Nilikuwa tayari nimeanza kuufuta.

"Mkono ule uache, mwanangu," akasema. "Ni wa mdogo wake. Walikuwa hawaachani."

Mkono usio na mtu haukatwi kwa mstari. Niliuacha kiganja kizima, kifundo kizima, kisha kuelekea kwenye kiwiko nikaishusha namba taratibu kutoka 255 hadi sifuri, mkono ukayeyuka ndani ya bango. Nilihifadhi faili lenye leya zake zote, nikahifadhi PNG, nikaweka nakala kwenye diski ya pili. Ndivyo nifanyavyo kwa kila uso unaopita kwangu, kwa sababu familia hurudi: kwa arobaini, kwa kumbukumbu ya mwaka, kwa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria.

Yule mama alirudi miaka kadhaa baadaye. Mjukuu alikuwa anaoa na walitaka babu awepo kwenye kadi ya mchango, mkono ukiwa mahali pake. Bango la msiba lilikuwa la zambarau. Kamati ya harusi ilikuwa imechagua kijani cha majani ya mgomba. Nilifungua faili, nikabadilisha rangi ya chini, na kiwiko kikayeyukia kwenye kijani. Alitaka na nakala yake mwenyewe. Nikamwekea mafaili mawili kwenye flashi, na juu ya bahasha nikaandika lipi apewe mchapaji, lipi litunzwe nyumbani, na kwamba lolote kati ya hayo likitumwa kwa simu litumwe kama dokumenti.