Chang'ombe: Siku ya Kete na Sanduku la Sadaka

Barabara ya Chang'ombe huanzia pale Veta, inapoachana na Barabara ya Nyerere, kisha hushuka kuelekea Temeke ikipita kati ya viwanda, karakana na makazi ya watu. Mgeni huijua kwa mambo mawili. La kwanza ni samani za jirani zao wa Keko: vitanda, makabati na viti vilivyopangwa kando ya njia, vikingoja mnunuzi juani. La pili ni viwanja vya mpira. Katika Uwanja wa Uhuru ndiko bendera ya Tanganyika ilikopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na ubavuni mwake umesimama Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye nafasi ya watazamaji 60,000. Siku ambayo Simba na Yanga zinakutana, mwenye mgonjwa wa kumwona Hospitali ya Temeke huondoka nyumbani mapema.

Lakini ukiiacha barabara kuu na kuingia vichochoroni, unakutana na Chang'ombe nyingine, ya nyumba zenye baraza, birika la kahawa, kashata na wazee waliouzunguka ubao. Mitaa hiyo hiyo sasa ina vibanda vya kubetia na zile mashine za kutumbukiza sarafu ambazo vijana huziita dubwi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamzuia aliye chini ya miaka 18, ila mashine iliyowekwa nyuma ya duka la mtaani haimuulizi mtu umri wake. Hata lugha imebadilika. Ukimsikia kijana akilalamika kuwa mkeka wake umechanika, usidhani anazungumzia jamvi la kuswalia.

Katika mazingira hayo, Jumamosi moja ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, akina mama wa mtaa mmoja usio mbali na Maduka Mawili waliandaa siku ya michezo ya ubao kwa ajili ya sadaka. Walikuwa na orodha ya watoto yatima na watoto wa wajane waliotakiwa kurudi darasani Januari, na kila jina lilikuwa na mahitaji yake pembeni: sare, viatu, madaftari, mkoba. Mahema mawili yalifungwa, moja la wanaume na moja la wanawake, na kati yake likawekwa sanduku la mbao lenye kufuli.

Mjadala mzito wa siku ile ulikuwa umekwisha kufanyika kabla ya siku yenyewe, nami nilisimuliwa na pande zote mbili. Kijana mmoja wa kamati alipendekeza kila mshiriki atoe shilingi 5,000, nusu iende kwa watoto na nusu akabidhiwe bingwa. Imamu wa msikiti wa mtaa akakataa. Fedha ya wachezaji ikimrudia mmoja wao kwa sababu ameshinda, alisema, hiyo ni kamari, wala haitakasiki kwa kuwa nusu yake imepelekwa kwa yatima. Kijana akaja na shauri la pili: simu itolewe na mfadhili asiyecheza. Imamu akajibu kuwa hapo maulamaa wana maneno, kwa kuwa hadithi inayotaja zawadi za mashindano imezitaja mbio za ngamia, mbio za farasi na kulenga mishale, na wengi hawakuivusha hapo. Katika jambo la sadaka alipenda shaka iachwe kabisa. Ikakubaliwa kuwa zawadi hakuna. Anayetaka kukaa ubaoni atumbukize shilingi 1,000 sandukuni kwa nia ya sadaka, mshindi abaki, aliyefungwa apishe.

"Sheikh, bila zawadi vijana hawaji," kijana alimwambia. "Watabaki kule kule kwenye dubwi."

Kijana hakuwa mpotofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Mambo ya vijana wetu hayafanyiki kwa fat'wa peke yake. Pana mvuto wa fedha ya haraka, na pana uvivu wetu sisi wazazi wa kuwatafutia mahali pengine pa kukaa. Kwa hiyo nilipofika saa tatu asubuhi, nikawakuta wazee saba na kundi la watoto wadogo, nilimwona amesimama kando amekunja mikono, anatazama njiani.

Wazee hawakuwa na habari naye. Wao walikuwa kwenye bao. Ubao ulikuwa wa mninga, kazi ya fundi wa Keko, na kete zake ni komwe halisi, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe unaoota pwani. Kwa msomaji aliyekulia mbali na baraza, nieleze kidogo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji ana safu zake mbili. Huanza kwa kuweka kete sita katika lile shimo liitwalo nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 hubaki mkononi. Hapo huanza kunamua: kila zamu unaingiza kete moja, na ukiweza kula, unakula. Huna hiari, kula ni lazima, hata pale unapoona kuwa mlo huo utakuharibia nyumba. Kete za mkononi zikiisha, unaingia mtaji, na hapo ndipo hesabu inapokuwa kubwa. Aliyeishiwa kete za safu ya mbele ameshindwa.

Jambo linalonivutia ni kwamba kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Katika drafti unakula na kutupa pembeni; katika bao unazichukua kete za mwenzako, unazisambaza katika mashimo yako, na baada ya zamu mbili huenda zikamrudia mwenyewe. Ndiyo maana mzee mmoja, mstaafu wa bandari ambaye asubuhi nzima hakuna aliyemwondoa kitini, hakuonesha furaha hata alipokuwa na mzigo mkubwa wa kete. Alikuwa akihesabu mizunguko kwa macho tu, kidole hakigusi shimo.

Bao lina nasaba ndefu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 19, alilitungia shairi. Mwalimu Nyerere alilicheza hadi uzeeni. Waarabu wana mankala, jina litokanalo na kuhamisha, na Oman wana hawalisi, binamu yake wa karibu. Na kwa sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi, pana neno la kuangaliwa: Imamu Shafi mwenyewe, katika Al-Umm, ameutaja mchezo wa ubao wenye matundu na vijiwe, akauweka katika yale yanayochukiza, huku akiikemea nardi, mchezo wa dadu, kwa ukali zaidi. Sikuona haya kulitaja jambo hilo mbele ya wazee. Imamu alilijua, naye alisema kuwa ndiyo sababu masharti yalibandikwa kwenye nguzo ya hema: hakuna dau, hakuna matusi, na adhana ikisikika mikono inatoka ubaoni.

Sharti la dau lilizua kicheko. Mstaafu wetu aliuliza, kwa unyenyekevu wa kujifanya, kama ile kahawa ya barazani, ambayo hulipiwa na aliyefungwa, nayo imo. Imamu akamwambia imo.

"Basi miaka arobaini," akasema mzee, "nimekunywa kamari kwa kashata."

Dadu nayo ilileta mtihani wake. Watoto walikuja na ludo, na ludo haiendi bila dadu. Hadithi ya Burayda iliyomo katika Sahih Muslim inaikemea nardi kwa maneno makali, na wengi katika maulamaa wameipanua hukumu hiyo kwa kila mchezo unaoendeshwa na dadu. Ustadhi wa madrasa aliwaita, akaikunja ludo yao bila kuwafokea, akawachimbia mashimo chini ya mwembe na kuwapa kokoto. Baada ya nusu saa hakuna aliyeikumbuka ludo, isipokuwa mmoja aliyeendelea kuidai, kwa kuwa ilikuwa yake.

Katika hema la wanawake, nilivyoelezwa na mke wangu, meza iliyojaa zaidi ilikuwa ya keram. Poda ilimwagwa ubaoni hadi mabuibui yakawa meupe mikononi. Kando, mwalimu mmoja wa sekondari aliwafundisha wasichana sataranji. Ugandani, Phiona Mutesi alianza kuijua sataranji katika mtaa duni wa Katwe, mjini Kampala, alikofuata kikombe cha uji kilichogawiwa watoto na mwalimu wao, Robert Katende. Akaja kuiwakilisha nchi yake na kufanyiwa filamu mwaka 2016. Hapa kwetu uji ulikuwapo pia, wa mchele na tangawizi, na wasichana walichelewa kuunywa.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, mstaafu alikuwa katikati ya mtaji wenye faida kubwa. Aliitazama nyumba yake, akaishusha kete iliyokuwa mkononi, akanyanyuka. Waliporudi kutoka msikitini kila kete ilikuwa mahali pake, mtoto mmoja amewekwa kulinda.

Vijana walianza kuja baada ya swala. Hawakuitwa. Wawili walisimama nyuma ya meza ya drafti, ile ya vifuniko vya soda, vya huyu vimelala kifudifudi na vya yule vimetazama juu, wakaanza kunong'ona makosa ya wachezaji. Mwenye kunong'ona kwenye drafti hana muda mrefu kabla hajaambiwa akae mwenyewe. Akakaa, akatumbukiza elfu yake, akafungwa, akapisha, akatumbukiza nyingine. Kufikia saa tisa palikuwa na foleni. Wengine walisema wazi kuwa wamekuja kumwondoa mzee wa bandari kitini. Hakuna aliyeuliza habari za zawadi. Yule kijana wa kamati hakutazama njiani tena. Alikuwa akitafuta viti.

Saa kumi mechi ya Ligi Kuu ilipoanza, zaidi ya nusu yao waliondoka kwenda kuitazama, na sina shaka kuwa baadhi walikuwa na mikeka mfukoni. Waliobaki walicheza hadi Alasiri ilipokimiwa.

Sanduku lilifunguliwa mbele ya watu, imamu akihesabu na mama mweka hazina akiandika. Noti za elfu zilikuwa nyingi, sarafu za watoto zilikuwa nyingi zaidi, na palikuwa na bahasha moja nene isiyo na jina. Jumla yake ilitosha karibu theluthi mbili ya orodha. Mama mweka hazina alisoma majina kimoyomoyo, akapiga mstari chini ya jina la mwisho lililopata, akaukunja ukurasa wenye waliobaki na kuutia ndani ya mkoba wake. Jumatatu wangekwenda Kariakoo kununua viatu, maana huko bei ya jumla ni nafuu. Mstaafu wa bandari aliuliza ubao wa mninga utakaa wapi. Akaambiwa utakaa madrasa, na kwamba Jumamosi inayofuata, kwa ajili ya ukurasa ule uliokunjwa, sanduku litakuwa pale pale.