Uwanja wa Katikati: Kumbukumbu za Makao ya Pamoja Kindu

Katika kumbukumbu za waliokulia mjini Kindu, mkoani Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makao ya ukoo yalitambulikana kwa uwanja wake, yaani eneo la wazi la katikati lililoelekewa na milango ya ndugu kadhaa, ambalo miembe, misafu na michikichi yake ilikuwa ya wote. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alilelewa katika makao ya namna hiyo, ambamo sombe, yaani majani ya muhogo, ilitwangwa katika kinu kimoja kwa vyungu vya nyumba zote, na mtoto aliyekosea alikanywa na mama yeyote aliyekuwa karibu.

Mpangilio mwingine ulikuwa umekwisha kuingia mjini tangu reli ya Kindu hadi Kongolo ilipokamilika mwanzoni mwa karne ya 20, kwani kambi za wafanyakazi zilijengwa kwa mistari iliyonyooka. Hata hivyo, kilichoubana uwanja zaidi ni hati. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, raia akipewa haki ya kuitumia kwa cheti cha usajili. Basi wazee walipofariki, warithi waligawana lupango, yaani eneo la familia lenye ua, kila mmoja akitafuta cheti chake, na sehemu ya katikati, ambayo haikuandikwa kwa jina la yeyote, ikawa ya kwanza kuuzwa.

Wakati huohuo, makao yaliyofanana na hayo yalikuwa yakibuniwa upya mbali sana: nchini Denmark, msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer alianza juhudi hizo mwaka 1964, na mwaka 1972 familia za kwanza zilihamia makao ya pamoja ya Sættedammen, kila moja ikiwa na nyumba na jiko lake, huku zikishiriki bustani na jengo la kulia chakula pamoja.

Anayetaka kuyarudisha makao ya uwanja huko Kindu anapaswa kuzielekeza baraza na majiko uwanjani, ili mpishi awaone watoto, na kuviweka vyumba vya kulala upande wa nyuma, kwa kuwa ujirani usio na faragha huchosha. Vyoo vikae pembezoni, chini ya mteremko na angalau mita 30 kutoka kisimani, nao uwanja ubaki na majani na miti bila kusakafiwa, ili udongo unywe mvua kubwa za Maniema kabla hazijachimba makorongo.

Ramani hiyo haitadumu bila maandishi. Wazee waliulinda uwanja kwa heshima waliyopewa, lakini wajukuu wao wanaishi chini ya hati, na sheria hiyohiyo ya 1973 inatambua umiliki wa pamoja. Kwa hiyo uwanja uandikwe kwanza, kabla ya nyumba yoyote, kuwa mali isiyogawanyika ya familia zote, na mapatano yao yaeleze nani hufagia, mavuno ya miti hugawanywa vipi, na kwamba anayeuza nyumba hawezi kuuza kipande cha uwanja peke yake.