Pengo la Mwezi wa Saba

Daftari la BMU ya kijijini kwetu, kisiwani Pate, lina jalada gumu la samawati na linanuka samaki. Linanuka kweli, maana karani hulifungua pale pale ufuoni kando ya mizani, vidole vikiwa na magamba. Kila chombo kinachofika huandikwa: tarehe, jina la chombo, wavuvi wangapi, walitumia nyavu au mshipi au walipiga mbizi, wamepata samaki gani, kilo ngapi, wameuza shilingi ngapi. Kanuni za mwaka 2007 ndizo zilizozipa BMU kazi ya kusimamia ufuo pamoja na serikali, na kuandika ni sehemu ya kazi hiyo.

Mimi si mvuvi. Ni mtoto wa mvuvi niliyekwenda Mombasa kusoma kompyuta, nikarudi Amu, na riziki yangu ni kutengeneza tovuti za nyumba za wageni za Shela. Kwa hivyo ami yangu aliponipigia simu kuniambia kuna mkutano wa kuomba mashine ya barafu, na kwamba wakubwa wanataka "takwimu", sikuhitaji kuulizwa mara mbili. Nikapanda boti Amu nikashuka kijijini na kompyuta yangu ndani ya mfuko wa plastiki, nikakaa barazani siku mbili nikiingiza daftari lile kwenye jedwali, wiki baada ya wiki, mwaka mzima.

Kuchora nilichagua Chart.js. Ni maktaba ya bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari chochote, na mtu akishajua mambo matatu manne anaweza kuwa na grafu ya mstari kabla chai haijapoa. Unaipa orodha ya tarehe, unaipa orodha ya namba, unaiambia ni aina gani ya mchoro. Yaliyobaki ni mapambo: rangi ya mstari, unene wake, ukubwa wa vidoa, lebo za mihimili.

Na mapambo ndiyo yaliyoniponza.

Mstari wa kwanza ulitoka mbaya. Kulikuwa na wiki ambazo namba yake ni sifuri, na kila sifuri iliuvuta mstari chini kama msumari. Nikasema hizi lazima karani alikosea. Chombo kitoke alfajiri, wavuvi wanne, kirudi hakina hata tafi mmoja? Nikazifuta. Halafu kuanzia mwisho wa mwezi wa tano mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa mstari ulikatika kabisa. Upande huu mstari, upande ule mstari, katikati peupe. Ulikuwa kama kamba iliyokatika nanga ikabaki chini. Nikaona aibu kupeleka kitu kama hicho mbele ya watu wenye tai. Maktaba ina mpangilio unaoitwa spanGaps. Kwa kawaida umezimwa. Ukiuwasha, mstari unaruka pengo na kuunganisha ncha mbili. Nikauwasha. Mwisho nikaongeza tension kidogo, 0.4, ili pembe zilainike. Toleo la 2 la maktaba hii lilikuwa linapinda mistari lenyewe bila kuombwa. Kuanzia toleo la 3 mistari imenyooka mpaka utake mwenyewe. Mimi nilitaka. Nikapaka rangi ya bahari, nikatia kivuli chepesi chini ya mstari, na wallahi, ilikuwa nzuri. Niliipiga picha nikaituma kwa wenzangu Mombasa.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe. Grafu yangu ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi kubwa, imebandikwa ukutani. Wazee wa BMU walizungumza vizuri: kwamba samaki anaoza kabla hajafika Amu, kwamba mwenye barafu ndiye anayepanga bei, kwamba msimu wenyewe ni mfupi. Bwana mmoja miongoni mwa wageni aliinuka, akaisogelea karatasi, akaweka kidole.

"Mnasema kusi hamwendi baharini," akasema, kwa upole kabisa. "Lakini mimi naona hapa mwezi wa saba mnapata kama kilo mia sita kwa wiki. Si haba."

Hakuna aliyejibu. Wazee walinitazama mimi, kisha wakatazama chini. Nilijua jibu, na jibu lilikuwa kwamba kilo hizo hazikuwahi kuvuliwa na mtu. Nilizivua mimi, nimekaa barazani, kwa neno moja la "true". Nikafungua mdomo, nikasema kitu kuhusu makadirio. Hata leo sijui nilisema nini.

Ami hakunigombeza. Alingoja wageni wamepanda boti, akaja akasimama mbele ya karatasi, miwani kwenye ncha ya pua. Ami amevua kwa miaka zaidi ya arubaini na jicho lake moja limeshaanza kuingia ukungu.

"Mwanangu, ndoo," akaniita. "Hapa ni nani alokwenda?"

"Hakuna, ami."

"Na hawa samaki wamekuya wenyewe?"

Nikacheka, maana sikuwa na la kufanya. Yeye hakucheka. Aliniambia nilete daftari.

Tulikaa nalo mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilikuwa nimelisoma kama mtu anayetafuta namba. Yeye alilisoma kama mtu aliyekuwapo. Kwenye kurasa za mwezi wa saba karani alikuwa amepiga mstari wa kalamu toka juu hadi chini, akaandika neno moja: "Pepo." Yaani kusi imepiga, mawimbi yamepanda, hakuna chombo kilichotoka nje ya mlango wa bahari. Hao ni watu waliobaki nchi kavu wakishona nyavu na kukopa unga dukani. Kisha akanionyesha zile sifuri nilizozifuta. Moja aliikumbuka kwa jina la chombo. Walitoka watu watano, wakachoma petroli ya deni, wakalala juu ya maji, wakarudi mikono mitupu. "Huyu ana deni la petroli," akasema, akagonga sifuri kwa ukucha. "Yule wa pepo hana. Wewe umewafanya wote hawako."

Kulikuwa na tupu ya tatu. Wiki mbili kabla ya Ramadhani hazikuwa na chochote, si pepo wala sifuri. Karani alifiwa na mamake. Vyombo vilitoka, samaki waliuzwa, ila hakukuwa na wa kuandika.

Tupu tatu, na mimi nilikuwa nimezitia zote katika kapu moja. Ni jambo ambalo maktaba yenyewe inalijua vizuri kuliko nilivyolijua. Ukiipa 0, inachora nukta chini kabisa, kwa kuwa sifuri ni kipimo. Ukiipa null, haichori kitu, kwa kuwa hakuna kilichopimwa. Ubaya ni kuwa kisanduku kitupu kwenye jedwali hakisemi ni kitupu kwa sababu gani, na mkono wa mtu anayependa mstari mzuri haungoji kuuliza.

Usiku ule, kwa taa ya sola, nilianza upya. Kwanza nilirudisha sifuri zote, na kila sifuri nikaipa alama yake: badala ya kidoa, msalaba mdogo, kwa pointStyle. Mtu asiweze kupita bila kuuona.

Pili, mhimili. Wiki zile za msiba hazikuwa hata na mstari wake kwenye jedwali langu, na kwa kuwa nilikuwa nimeandika tarehe kama maneno tu, maktaba ilizipanga kwa nafasi sawa, wiki ya kabla ikashikana na ya baada kana kwamba mama wa watu hakufa. Nikaubadilisha mhimili kuwa wa wakati, ambao unahitaji kuongezewa kijiprogramu cha kusoma tarehe. Sasa siku kumi na nne zilichukua nafasi ya siku kumi na nne. Kipande hicho nikakichora kwa vistari vya kukatika, kwa mpangilio unaoitwa segment, ambao hukuruhusu kuupa kila kipande cha mstari sura yake. Maana yake: walivua, hatujui kiasi.

Tatu, kusi. Pale niliacha peupe. Nikatia rangi ya kijivu hafifu nyuma yake, na juu nikaandika neno la karani, "Pepo".

Tension nikairudisha sifuri. Pembe zikarudi kuwa pembe. Mstari uliopindwa unapita mahali ambapo hakuna aliyepima. Unaweza hata kuzama chini ya sifuri, ukaonekana mvuvi anairudishia bahari samaki. Mhimili wa kilo niliuanzisha sifuri, ili kupanda kidogo kusionekane mlima. Na kwa kuwa printa ya kijijini haina rangi, nilihakikisha kila kitu kinasomeka kwa wino mweusi.

Mskoti William Playfair alichapisha grafu za namna hii mwaka 1786, akichora biashara ya Uingereza, bidhaa zinazoingia na zinazotoka. Tangu hapo serikali zimezoea kuutazama mstari na kuuamini. Huku Lamu tunajua uzito wa kuaminiwa namba. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021. Katika kesi kama hizo swali huwa ni lile lile: mlikuwa mnapata nini, na sasa mnapata nini? Asiye na daftari huulizwa akumbuke. Mwenye daftari lililolainishwa huambiwa si haba.

Ami aliitazama grafu mpya asubuhi, kabla ya kwenda sokoni. Nilimweleza alama moja moja. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kuna kitu hakimo. Kulikuwa na miaka ambayo serikali ilipiga marufuku uvuvi wa usiku Lamu kwa sababu za usalama. "Daftari la miaka ile ukilichora," akasema, "mstari utaanguka, na watu watasema samaki wamekwisha. Samaki hawakwisha. Usiku ndio uliokwisha." Nikamuahidi kwamba siku tutakapoyapata madaftari hayo, nitaandika sababu juu ya mstari kabla sijachagua rangi.

Tulipeleka karatasi ya pili ofisini Amu, mimi na ami na karani, na barua ya kurasa moja iliyokiri kwamba ya kwanza ilikuwa na makosa na kwamba makosa yalikuwa yangu. Karani alisisitiza tubebe na daftari lenyewe. Kijana aliyetupokea alieneza karatasi juu ya meza, akaitazama, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye rangi ya kijivu.

"Hapa pana nini?"

Nilitaka kujibu. Ami akanigusa mkono. Akavuta kiti, akakaa, akavua kofia yake akaiweka gotini, akaanza kumweleza kusi: inavyoanza, sauti yake ikigonga mwamba usiku, mashua zinavyovutwa juu, unga unavyokopwa, mwezi gani duka linaacha kukopesha. Alizungumza kwa muda mrefu. Kijana aliandika.

Mashine ya barafu hatujapewa bado. Tumeambiwa tungoje bajeti. Karani naye ameniomba nimchoree safu mpya kwenye daftari, kando ya kilo, ndogo tu, ya kuandika kwa nini hakuna.