Dogo kapotea, mimi nipo stesheni

Najua nimepotea, kazi za chuo zimenibana. Leo niwape kisa cha Jumapili hapa Bayreuth.

Nilikwenda stesheni usiku kumpokea dogo mmoja kutoka Dar, mara yake ya kwanza kukanyaga Ulaya. Alikuwa anatokea Nürnberg, mwendo wa saa moja hivi. Treni ikaingia, watu wakashuka, dogo hayumo. Napiga simu, haipatikani. Hapo ndipo nikakumbuka nilichosahau kumwambia: treni ile ikifika Pegnitz inakatwa vipande viwili. Kimoja kinakuja huku, kingine kinaelekea Marktredwitz. Ukikaa behewa lisilo lako, imekula kwako. Mimi mwenyewe yalinikuta mwaka wa kwanza, halafu nisimwambie mtoto wa watu!

Nikabaki nazunguka tu. Jina kubwa, Hauptbahnhof, yaani stesheni kuu, lakini ni stesheni ya mji mdogo: mashine za tiketi, ratiba ya karatasi za njano, na baridi. Reli ilifika hapa Novemba 1853, ikitokea Neuenmarkt. Yaani miaka 40 kabla Wajerumani hawajaanza kutandika reli Tanga mwaka 1893. Jengo la sasa ni la 1879, miaka mitatu baada ya Wagner kufungua jumba lake la opera kule kilimani. Mpaka leo kila kiangazi wapenzi wa opera wanamiminika mjini. Baba mkwe wake, mwanamuziki Liszt, alikuja kwa treni Julai 1886 akiwa anaumwa, na mwezi haukuisha akafariki. Sijui kwa nini nilimkumbuka yeye wakati nawaza dogo yuko wapi na koti gani.

Kingine, reli hizi hazina waya wa umeme hata mmoja, ni dizeli tu. Sisi Dar hadi Dodoma tunapanda treni ya umeme tangu 2024, na huku ndiko tumekuja kusoma! Haya.

Simu ikaita, namba siijui. Kumbe dogo kaazima simu ya mama mmoja wa Kijerumani. "Kaka, nimeshuka mahali panaitwa Kirchenlaibach. Hakuna watu." Nikamwambia asitoke hapo, kuna kitreni kinakuja Bayreuth, apande hichohicho.

Kafika saa nne kasoro, begi limevunjika gurudumu, kavaa kijaketi cha kwendea Kariakoo. Neno lake la kwanza: "Kaka, samahani nimekuchelewesha." Jamani. Nilishindwa hata kujibu, nikamvalisha koti langu, tukatembea.

Usiku huohuo akafungua begi, dagaa wa Kigoma, kilo nzima, mama yake kaniletea mimi. Tumewapika jana, jikoni la bweni zima limenuka, wenzetu wamefungua madirisha yote.

Nyie mnaokuja: mkipanda pale Nürnberg, muulizeni kondakta behewa lipi linafika Bayreuth. Muulizeni mara mbili.