Tulikwenda Istanbul Kupunguza Mwili

Msomaji mpenzi, ungejibu nini kama binti wa dada yako angekupigia simu usiku na kukuambia, "Mjomba, nakwenda ng'ambo kukatwa tumbo ili nipungue mwili. Nataka unisindikize"? Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Mwanangu, kwetu Mbinga watu huomba kunenepa, nawe watoa fedha ili upungue?" Yeye hakucheka. Nikamsikia anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kupanda mlima, kumbe alikuwa amekaa kitini.

Ndipo akanieleza habari zake zote. Ana miaka 38, watoto watatu, na duka la nguo Kariakoo, Dar es Salaam. Uzito wake ulikuwa kilo 112, na urefu wake ni mita 1 na sentimeta 60. Ana kisukari na shinikizo la damu, na magoti yanamwuma hata ngazi za stoo yake zimemshinda. Amejinyima wali, amekunywa dawa za majani, amepungua na kunenepa tena mara nne. Kisha akasema, "Mjomba, mama naye alikufa kwa kisukari." Mama yake ndiye dada yangu. Basi kicheko changu kikakauka pale pale.

Mpwa wangu huyu huwa anakwenda Istanbul, nchi ya Uturuki, kununua nguo za duka. Huko alikuwa amezungumza na wakala mmoja. Kwa dola 3,000 angepata upasuaji, hoteli, gari la kumpokea, na kitanda cha mtu mmoja wa kumwuguza. Arubuni ya dola 300 alikuwa amekwisha itoa. Mwuguzaji ndiye mimi, mwalimu mstaafu, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Dodoma.

MJI WA MABARA MAWILI

Haya msomaji, funga mizigo twende pamoja. Kutoka Mbinga nilipanda basi mpaka Songea, kisha Dar es Salaam, na kutoka hapo tukaruka angani usiku. Kulipokucha tulikuwa Istanbul.

Mji huu umekaa juu ya mabara mawili. Katikati yake hupita mlango wa bahari uitwao Bosphorus, wenye urefu wa kilometa 30 hivi. Ng'ambo hii ni Ulaya, ng'ambo ile ni Asia. Mtu hununua mkate Ulaya, mkate wa duara uliopakwa ufuta, akapanda feri, na kabla hajaumaliza amefika Asia. Ndege weupe wa baharini huifuata feri wakiomba makombo. Watu wa mji huu wanazidi milioni 15.

Utaona pale Aya Sofya, jengo lenye kuba kubwa lililomalizika mwaka 537 likiwa kanisa, enzi ya Kaisari Justinian. Mwaka 1453 Waturuki walipouteka mji likafanywa msikiti, baadaye likawa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Si mbali na hapo kuna soko la kale lenye paa, na ndani yake maduka kwa maelfu; ukiingia bila mwenyeji utazunguka kutwa ukitafuta mlango wa kutokea. Kahawa yao huchemshwa pamoja na unga wake, na unga hubaki chini ya kikombe. Mimi mkulima wa kahawa nilikunywa mpaka matope yale, na mwenye duka akanicheka.

Lakini kwa wafanyabiashara wetu, Istanbul ni mtaa wa Laleli. Huko ni nguo mbele, nguo nyuma, na marobota yamepangwa mpaka barabarani. Usishangae ukisikia mtu anapatana bei huku akimwambia mwenzake kwa Kiswahili, "Usimwonyeshe kwamba umeipenda."

Na jambo jingine nililoliona tangu uwanja wa ndege: wanaume wengi walionyolewa vichwa na kufungwa bendeji. Nilidhani kuna vita. Mpwa wangu akanieleza kwamba ni watu wenye vipara waliokuja kupandwa nywele. Wengine huja kwa meno, wengine kwa macho, na wengine, kama yeye, kwa tumbo. Wengi hutoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, kwa sababu huko kwao upasuaji huu ni ghali mno, au foleni yake katika hospitali za serikali ni ndefu.

UPASUAJI WENYEWE

Sasa, msomaji, usidhani kwamba daktari hukata mafuta ya kitambi akayatupa. Sivyo. Anachokata ni mfuko wa chakula. Hutoboa matundu madogo tumboni, huingiza kamera na vyombo vyembamba, kisha huondoa robo tatu ya mfuko ule, au zaidi. Kinachobaki ni kama ndizi moja. Mtu hushiba kwa chakula kidogo, na hata hamu ya kula hupungua. Sehemu iliyokatwa hairudishwi tena. Njia nyingine, iliyoanzishwa Marekani na Daktari Edward Mason mwaka 1966, ni kutenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunga na utumbo, ili chakula kipite njia ya mkato.

Nami nisiseme uongo: kazi hii huwasaidia wengi. Wapo ambao kisukari chao hutulia hata wakapunguziwa dawa au kuachishwa. Lakini si dawa ya kila mnene. Madaktari hupima hivi: chukua kilo zako, uzigawe kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu uligawe tena kwa urefu huo huo. Kwa mpwa wangu, 112 kugawa kwa 1.6 ni 70. Na 70 kugawa kwa 1.6 ni karibu 44. Mtu wa kawaida ni kati ya 18 na nusu na 25. Kwa miaka mingi upasuaji ulishauriwa kwa waliofika 40, au 35 ikiwa wana ugonjwa kama kisukari. Na tangu 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa kazi hii vinasema hata 35 yatosha. Basi mpwa wangu hakuwa mtu wa urembo. Alistahili kabisa.

MASWALI KATIKA UKUMBI WA HOSPITALI

Hospitali waliyotupeleka ilikuwa safi, sakafu yang'aa kama kioo. Walimtoa damu, wakampima moyo, na daktari akamwona kwa dakika kumi. Upasuaji ungekuwa asubuhi yake. Wakala, kijana mwenye maneno matamu, alitupangia ratiba: siku nne za kupumzika, siku ya tano kununua nguo Laleli, siku ya sita ndege.

Nikamwuliza mpwa wangu, "Marobota nani atayabeba?" Maana mtu aliyetoka kukatwa haruhusiwi kunyanyua mizigo kwa majuma kadhaa. Hakujibu.

Ukumbini alikuwapo mama mmoja Mwingereza, siku yake ya nne tangu akatwe. Alikuwa akitembea polepole, mkono tumboni, maana kutembea huzuia damu isigande miguuni. Damu ikiganda mguuni huweza kupanda mpaka mapafuni na kuua, na kukaa ndani ya ndege saa nyingi huzidisha hatari hiyo. Kesho yake angesafiri. Mpwa wangu akamwuliza kwa Kiingereza kama daktari wake wa kwao anamngojea. Yule mama akatikisa kichwa. Daktari wake hakuwa na habari. Kazini aliaga kwamba anakwenda likizo ya pwani.

Hapo nami nikapata neno. Nikamwuliza mpwa wangu, "Na mumeo je, anajua?"

Akatazama sakafu. Mumewe alijua safari ya nguo tu.

Nikamwita wakala, nikamwomba mpwa wangu anifasirie: "Huyu akirudi kwetu, homa ikampata siku ya kumi, atatazamwa na nani?" Maana nilikuwa nimeelezwa kwamba pale palipokatwa na kushonwa huweza kuvuja, na pengine huvuja baada ya mgonjwa kuondoka hospitali. Ikivuja, uchafu wa tumbo huenea ndani, na mtu huhitaji daktari wa upasuaji upesi sana. Wakala akatabasamu akasema, "Atupigie simu, saa yoyote."

Simu, msomaji! Simu haishoni tumbo.

Sisemi kwamba hospitali za Uturuki ni mbaya. Zipo nzuri sana, na wengi wamerudi kwao salama. Lakini mwaka 2023 BBC ilitangaza habari za Waingereza saba waliokufa baada ya kwenda huko kwa upasuaji wa kupunguza uzito. Mwaka huo huo watu zaidi ya 60, wengi wao Uturuki na Ujerumani, waliugua kwa sumu ya botulini baada ya kudungwa sindano tumboni huko Uturuki ili wapungue. Si lazima kisu kiwe butu ndipo mtu apate hatari. Hatari nyingi huja baadaye, mgonjwa akiwa mbali na aliyemkata.

Na hata mambo yakienda vema, ulinzi ni wa maisha. Majuma ya kwanza ni vitu vya majimaji tu, baadaye vilivyopondwa, na ugali wa kawaida ni baada ya mwezi na zaidi, tena matonge machache. Kila siku kuna vidonge vya vitamini na madini, na damu hupimwa mara kwa mara, la sivyo huja upungufu wa damu, ganzi ya miguu na udhaifu wa mifupa. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu. Jambo hili mke hawezi kuliamua peke yake na kulificha chumbani! Nani atampikia chakula cha namna yake? Nani atamtetea shangazi akija na kusema, "Mbona huli, umenichukia?"

DARAJANI

Jioni tulikwenda daraja la Galata. Wavuvi walikuwa wamesimama bega kwa bega, ndoano zao majini. Mpwa wangu aliegemea ukingo, akatoa simu, akampigia mumewe. Nikasogea kando, lakini nilimwona akilia. Baadaye akaniambia kwamba mumewe alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Rudi kwanza. Kama ni kukatwa, tutakwenda wawili, nami nijue la kufanya."

Arubuni ile dola 300 ilipotea. Tulinunua nguo, na marobota niliyabeba mimi. Ndani ya ndege hakusema neno mpaka Dar es Salaam. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Ikiwa nyumbani kwako yupo mwenye shauri kama hili, usimcheke kama nilivyofanya mimi, wala usimwambie unene ni neema. Mwulizeni maneno haya. Kwanza, je, daktari anayemtibu siku zote anajua, na atakubali kumtazama akirudi? Pili, je, amejua jina la daktari atakayemkata, na si jina la wakala tu? Tatu, akipata shida baada ya juma moja, hospitali gani ya karibu ina mtu wa kuishughulikia, na fedha za siku hiyo zipo? Nne, je, walio naye nyumbani wamekubali kuishi naye katika ulaji ule mpya? Tano, je, ameuliza kwanza karibu? Maana katika miaka hii ya 2020 hata Muhimbili, pale Mloganzila, wameanza kuwahudumia wanene kwa kuwawekea puto tumboni, na Nairobi wapo madaktari wa kukata.

Mpwa wangu sasa huhudhuria kliniki ya kisukari kila mwezi, na mumewe humsindikiza. Hutembea alfajiri. Kwa miezi minane amepungua kilo tisa. Leo ana 103. Pigeni hesabu yenu: bado ni 40. Ngazi za stoo hupanda akipumzika mara moja katikati. Wameweka akiba, na huenda mwakani akakatwa, mahali ambapo atamfikia daktari kwa basi.

Juma lililopita alinipigia tena simu usiku. Akaniuliza, "Mjomba, kama usingeuliza lile swali, si ningekuwa nimekwisha pona?" Nilikaa kimya muda. Labda ni kweli, labda si kweli. Nikamwambia, "Mwanangu, sijui. Ila siku utakapokwenda, niite. Mwuguzaji bado ni mimi."