Kava ya Mashine: Kutoka Daftari la Pakihausi, Nduruma

Alhamisi, 2 Februari 2023
Msimu wa Valentaini. Magari ya maua yanaondoka usiku, mengine kwenda uwanja wa ndege wa KIA, mengine yanapitia Namanga kwenda Nairobi. Alasiri, binti wa Mbuguni alisukuma banchi ya waridi kwenye mashine ya kukata mashina, mkono ukafuata. Vidole viwili vya kulia; kimoja kimetoka kabisa. Supavaiza alitaka kukitumbukiza kwenye barafu. Nikamzuia. Kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndio ukae juu ya barafu. Barafu ikigusa nyama inaiharibu. Wamempeleka hospitali ya Tengeru, na jioni tumesikia yuko njiani kwenda hospitali ya KCMC, Moshi.

Kava ya kisu cha mashine iko juu ya kabati. Nimeipiga picha.

Ijumaa, 3 Februari
Kidole hakikurudi. Nimekwenda ofisini kuulizia taarifa ya ajali. "Dada, tumalize msimu kwanza, hayo tutayamaliza wenyewe kwa wenyewe." Tutayamaliza na nani, wakati mwenyewe yuko wodini? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inampa mwajiri siku 7 kupeleka taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Michango ya mfuko huo anatoa mwajiri peke yake, sisi hatukatwi hata senti, na fidia inalipwa na mfuko. Kwa nini basi waifiche? Nadhani kwa sababu taarifa ikifika, swali la pili litakuwa la kava.

Jumapili, 5 Februari
Mbuguni, kwao. Wameletewa bahasha ya pole na karatasi ya kusaini: "sina madai mengine". Baba yake anaona ni fedha nyingi. "Mwanangu, zamani mtu alipoteza mkono akapewa laki moja na ushee." Mzee hakosei: chini ya sheria ya zamani, kiwango cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Ukipimia hapo, bahasha yoyote ni ukarimu.

Nikamwambia, "Baba, pole pokeeni, lakini karatasi msitie saini." Siku hizi matibabu yanagharimiwa. Akiwa hawezi kufanya kazi anapata asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Baadaye daktari anapima ulemavu: usiozidi asilimia 30 analipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Mzee aliikunja karatasi, akaiweka chini ya godoro.

Jumanne, 7 Februari
Leo ofisi ina wimbo mpya: "Yule ni kibarua, hana mkataba." Nani alitakiwa kuuandika? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akishindwa kuleta maandishi kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira ni wake. Hata hivyo nimekusanya: nakala ya daftari la mahudhurio, jumbe za malipo kwenye simu yake, majina ya waliokuwa mezani. Nimewaambia pia ofisini kwamba wakimwachisha kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) haiko mbali, na tuna siku 30 za kufungua mgogoro.

Alhamisi, 9 Februari
Taarifa imekwenda WCF, siku ya mwisho. Nakala ninayo.

Jumatatu, 13 Februari
Kava imerudishwa kwenye mashine. Saa nne asubuhi wakataji wakaanza kulalamika: banchi zimepungua, bonasi itapungua. Mmoja alikuwa ameshashika bisibisi. Hapo ndipo ilipo shida. Wakataji wenyewe ndio waliokuwa wameitoa, na hakuna bosi aliyewaamuru. Lengo la saa liliwaamuru, na bosi akaangalia pembeni. Sheria ya usalama ya 2003 inataka mashine hatari ikingwe, lakini haisimami mezani kuhesabu banchi.

Kikao cha tawi la chama chetu cha wafanyakazi ni Jumamosi. Ajenda ya kwanza si salamu za pole: lengo la saa lipimwe upya mashine ikiwa na kava, na bonasi ianzie hapo. Wakikataa, tutaomba mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, aje siku ya kazi nyingi.