Pointi 11

Mei 2

Binti wa kaka anaanza mtihani wa Kidato cha Sita wiki hii. Amenipigia jioni kwa simu ya matroni. Hakuuliza habari za nyumbani, ameniuliza moja kwa moja: "Shangazi, nikipata wani, Muhimbili nitaingia?" Nikamwambia afanye mtihani kwanza, mengine tutayapima matokeo yakitoka.

Nimekata simu na moyo umebaki mzito. Nimemkwepa mtoto. Kwenye moko alipata B ya Kemia, C ya Bayolojia na D ya Fizikia. Kwa tahasusi ya PCB si haba, ila udaktari unataka zaidi ya hapo.

Mwaka niliomaliza shule, mtu mzima niliyemwamini aliniambia, "Wewe huwezi kukosa." Nikaomba chuo kimoja tu. Nikakosa, nikashinda mwaka mzima shambani kwa baba nikivuna alizeti na kuona aibu kwenda kanisani. Kukosa nilishakusamehe. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hakuna aliyekaa nami na karatasi tukahesabu.

Julai 13

Matokeo yametoka! Kemia B, Bayolojia B, Fizikia C. Wani ya 7. Wifi kapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha kaka akaichukua, akauliza kwa sauti ya chini: "Hiyo saba, kati ya ngapi?"

Swali la haki kabisa. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, hivyo mwenye pointi chache ndiye aliye juu, na daraja la kwanza ni kuanzia 3 hadi 9. Wakati wa kuomba chuo hesabu inageuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Nne na nne na tatu ni 11, kati ya 15.

"Kwa Baraza ana 7, kwa chuo ana 11," nikamwambia. "Mtoto ni yuleyule."

Akanyamaza kidogo. "Na hizo 11 zinamfikisha Muhimbili?"

Nimemwomba siku mbili.

Julai 15, usiku

Nimesoma kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hadi taa ikaanza kunichoma macho. Sifa za kuomba Udaktari wa Binadamu anazo. Hapo ndipo familia nyingi hufunga kitabu na kuanza kununua sanduku la safari.

Sifa ya chini inakupa ruhusa ya kupanga foleni. Viti vinahesabika, na maombi yakizidi viti, wenye ufaulu wa juu wanatangulia. Mstari wa mwisho unapangwa na wale walioomba mwaka huo, kwa hiyo pointi zilizotosha mwaka jana zinaweza zisitoshe mwaka huu. Leo hakuna mtu awezaye kuniambia mstari huo utaangukia wapi. Ninachokijua ni uzito wa jina. Mafunzo ya udaktari pale yalianza mwaka 1963, yakalelewa miaka mingi chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chuo kikasimama chenyewe kama chuo kikuu mwaka 2007, ubavuni mwa hospitali ya taifa. Wenye pointi 15, 14 na 13 nao wanalitamani jina hilo, na wote wanasimama mbele ya binti yetu.

Nimechora safu tatu kwenye daftari. MBALI: udaktari Muhimbili. HUENDA: udaktari Chuo Kikuu cha Dodoma. KARIBU: udaktari Moshi na Mwanza. Hivi viwili vya mwisho ni vyuo vya taasisi za dini, na ada yake imenifanya niandike neno jingine pembeni: mkopo. Kiti ambacho kaka hawezi kukilipia siwezi kukihesabu kuwa ni kiti.

Nilitaka kuweka asilimia, nikaacha. Ingekuwa kubahatisha kulikovaa shati la hesabu.

Julai 18

Nimefika kijijini kwa kaka. Baada ya chakula nimefungua daftari mbele ya wote. Wifi alipoliona neno MBALI akasukuma sahani.

"Wifi, unamkatisha mtoto tamaa."

"Nimeandika mbali, wifi. Sijaandika haiwezekani."

Binti alikuwa akifuata safu kwa kidole. "Nisipoomba Muhimbili, Shangazi, nitajiuliza maisha yangu yote."

"Tutaiomba, tena iwe ya kwanza. Ila haitakwenda peke yake."

Kisha nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu juzi: akipewa famasia Muhimbili na udaktari Dodoma, atachukua kipi? Alikaa kimya muda mrefu, kuku wakapita kati yetu mara mbili. "Udaktari," akasema. "Hata kama ni Dodoma."

Nimeliandika jibu hilo juu ya ukurasa. Miezi yote hii tumekuwa tukipima nafasi yake bila kujua anachokitaka hasa. Sasa najua: anataka kutibu watu. Muhimbili ni njia mojawapo.

Julai 21

Maombi yamekwenda vyuo vinne, vyote udaktari. Bado fomu za Bodi ya Mikopo: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwa wakala wa usajili (RITA), serikali ya kijiji isaini, wakili agonge muhuri. Kaka amebeba bahasha kifuani kama mtoto mchanga.

Septemba 2

Awamu ya kwanza imetangazwa. Muhimbili hapana. Dodoma ndiyo. Moshi ndiyo.

Binti alipokuja kwangu macho yalikuwa yamevimba. Sikumwambia kwamba nilijua, kwa sababu sikujua; nilikadiria tu, na ningefurahi kukosea. Nimempikia chai, nikamwacha alie hadi alipotosheka.

Baadaye akaomba daftari. Kwenye HUENDA akaweka alama ya vema. Kwenye KARIBU akaweka vema mbele ya Moshi, akapiga mstari kwenye Mwanza. Nilidhani MBALI ataikata kwa hasira. Aliitazama, kisha akaandika pembeni, kwa mwandiko mdogo: *tuliomba*.

Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja, la sivyo anaweza kupoteza vyote. Namba ya siri ilikuwa imeshaingia kwenye simu yake. Akaiandika tarakimu moja moja, mimi nikiisoma kwa sauti, tusikosee.